Mara ya Tatu Mkuu Alipouliza

Katika nyumba yetu ya watawa wa Kibuddha, nje kidogo ya Khayega, jambo zito huamuliwa kwa kimya. Mkuu hulisoma mara tatu. Anayekubali hunyamaza, asiyekubali husema. Mara ya tatu ikiisha bila mtu kusema, limepita.

Asubuhi hiyo tulikuwa watano, tumeketi mikekani. Mkuu, mzee aliyetoka Asia kuja kuanzisha nyumba hii, alishika karatasi. Ilimhusu mwenzetu wa sita, mtu wa Butere, ambaye mimi na yeye tulinyolewa nywele na kuwa watawa siku moja. Mama yake alikuwa amefariki. Aliomba siku nne akazike, mkuu akampa moja. Alikaa zote nne, na aliporudi alikuta geti limefungwa.

"Mtawa aliyekaa nje bila ruhusa aondolewe," mkuu alisoma. "Asiyekubali aseme."

Hakuna aliyesema. Dirishani nilimwona mwenzangu ameketi juu ya jiwe nje ya geti, bakuli mapajani, shuka lake la rangi ya kutu limejaa vumbi. Akina mama wa jirani walikuwa wamemletea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga. Hakuwa amegusa.

Mkuu akasoma mara ya pili. Nikipinga, huenda karatasi ya pili ingekuwa yangu, na sikuwa na pa kwenda. Baba, mzee wa kanisa kule Lubao, aliniambia siku niliyoondoka, "Hao wakikufukuza, usije hapa ukilia."

Mkuu akaanza mara ya tatu. Nilimwacha afike karibu na mwisho.

"Sikubali, Bhante," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mtawa mkubwa.

Alinitazama. "Sababu?"

"Anahukumiwa akiwa nje ya geti. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtawa hahukumiwi asipokuwepo. Na hii sheria kwamba msiba ni siku moja tu hatukuikalia kikao, Bhante. Uliiweka peke yako."

"Nyamaza!" mtawa aliyeketi kando yangu alifoka. Alikuwa amenitangulia katika utawa kwa miaka mingi. "Unajua unaongea na nani?"

Mkuu aliinua mkono.

"Mwiteni," alisema.

Mwenzangu aliingia, akasujudu mara tatu, akabaki amepiga magoti.

"Kwa nini siku nne?"

"Bhante, mimi ndiye kifungua mimba. Ile siku moja uliyonipa, kaburi lilikuwa hata halijachimbwa. Ningewaambia nini wadogo zangu? Kwamba naondoka, wamzike wenyewe?"

Mkuu aliitazama karatasi. "Mama yangu alizikwa bila mimi," alisema. "Nilikuwa huku. Nilidhani mtawa ndivyo anavyotakiwa kuishi, nikawatakia nyinyi hivyo hivyo. Sasa sina hakika."

Akaikunja. Hakuisoma tena.

Wiki iliyofuata tulikaa siku mbili tukizipitia sheria za nyumba, moja baada ya nyingine. Ruhusa ya msiba sasa hutolewa na watawa watatu wakikubaliana, si mkuu peke yake. Yule aliyenifokea alisema tunabomoa nyumba kwa mikono yetu. Kabla ya mwezi kuisha alihamia kwingine, hakutuaga.

Mkuu naye alikaa miezi miwili bila kunisemesha ila kwa lazima. Zamani mimi ndiye niliyemkanda miguu kila alasiri; sasa alimchagua mwingine. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimesema kweli, lakini nilimpenda yule mzee.

Halafu siku moja, nikifagia barazani, alisimama karibu yangu.

"Siku ile uliogopa?"

"Sana, Bhante."

"Hata mimi," alisema. Kisha akaniambia niende jikoni nikaangalie kama maji ya kunywa yamechemka.