Shikamoo ya Golikipa

Swali lililoninyima usingizi, mwanangu, lilikuwa dogo hata naona haya kulitaja: nitamfokeaje mtu niliyemwamkia shikamoo?

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Mama yako ni dada yangu, nami ni mama yako mdogo. Cheo hicho sikukiomba, lakini leo nakitumia, kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ghalani hapo Louisville na umeniambia unaogopa. Woga naujua. Tumelala kitanda kimoja, mimi nao.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mazoezi, kwenye kambi ya timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, iliyowekwa huku ughaibuni, mjini Columbus. Nilikuwa nimemaliza chuo Buffalo majuzi tu, nikaitwa kujaribiwa ukipa. Tulikuwa makipa watatu, na kocha alisema wazi kwamba jioni mmoja wetu ataondoka.

Kipa ni mdomo kabla hajawa mikono. Ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo huwaamrisha mabeki: rudi, toka, acha. Buffalo niliwafokea wenzangu bila kufikiri. Kiingereza hakina shikamoo. Lakini huku beki wangu wa kati alikuwa Dada Zuhura, nahodha, mwanamke wa rika la mama yako. Tulipofika kambini nilimwamkia huku nimeinama kidogo, kama tulivyofunzwa nyumbani, mtaani kwetu South End, Louisville. Kwetu mtoto hamwiti mkubwa kwa jina tupu. Ningethubutu, bibi yako angenisikia kutoka huko Louisville.

Basi kitandani nikawa natunga maneno. "Dada Zuhura, naomba uniachie." Marefu, mpira hausubiri. "Samahani, dada." Atajuaje ni dada yupi, na sote pale ni madada? Kukakucha nikiwa bado natunga.

Asubuhi vidole vilikuwa baridi ndani ya glavu. Ikaja krosi, mpira wa juu, wangu kabisa. Nikatoka langoni. Neno likapanda hadi kooni, likaikuta heshima imekaa mlangoni, likarudi. Dada Zuhura hakujua kama niko nyuma yake, naye akaruka. Ngumi niliyoilenga kwenye mpira ikampata mdomoni.

Akalala chini, damu ikichuruzika kwenye jezi. Nilifikiri nimemuua. Kisha nikafikiri nitawaambia nini wanawe. Kisha nikafikiri kesi, wakili, jela. Ndivyo kichwa changu kilivyo, hakijui kushuka kituo cha kwanza.

Akaketi, akatema damu, akanitazama.

"Wewe mtoto, umekuja kudaka au umekuja kuposwa? Mbona kimya hivyo?"

"Shikamoo dada, nisamehe, mimi sikukusudia..."

"Shikamoo yako nilishaipokea kwenye chai!" Wenzetu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. "Heshima yako imenipasua mdomo. Safari nyingine itanivunja shingo. Ukiniona naelekea hatarini ukanyamaza, hujaniheshimu. Umeniacha."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia kila la mkuu tangu utotoni, na aliyepasuka ni mkuu.

Akarudi uwanjani na pamba mdomoni. Nilitaka kumwambia kocha naumwa tumbo. Nikifoka, atanichukia? Nisipofoka, si ataumia tena? Nilikuwa nayazungusha hayo mpaka kona ikapigwa, mpira ukapaa, nikamwona Dada Zuhura anakunja magoti aruke. Swali la tatu halikupata nafasi.

"Zuhura! Acha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mimi. Akainama. Mpira ukatulia kifuani pangu, naye bila kugeuka, kwa mdomo ule uliovimba, akaitikia:

"Marahaba!"

Jioni ile nilibaki kambini, lakini si hilo ninalotaka ulishike. Huko ghalani utawakuta wakubwa wa kwetu, na kina mama wa Kikongo uliowaamkia kanisani tangu ukiwa mdogo. Waamkie mlangoni kwa adabu zote. Lakini ukimwona mmoja wao anarudi nyuma wakati foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, inakuja, usitafute cheo chake. Ita jina, na uite kwa nguvu. Adabu itakusubiri, haina haraka. Wala usingoje woga uondoke ndipo ufungue mdomo. Wangu haujaondoka mpaka leo. Hata mpira ule ulipotulia kifuani, vidole vilikuwa bado baridi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti kabla hatari haijafika, na akukutanishe na wakubwa watakaoiitikia marahaba.