Siku Niliyochagua Msumeno Mzito

Bega langu la kulia liliharibiwa na msumeno, na sina wa kumlaumu. Nilipelekwa dukani nikiwa na akili zangu timamu, nikauonyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Tulikuwa tunajenga maghala Rubona, jirani na mji wa Gisenyi, kando ya ziwa, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Maseremala tulikuwa wawili tu, mimi na baba mkwe wangu. Aliyetupanga hivyo alikuwa bwana wa kazi, Mbelgiji mwenye haraka, ambaye mambo ya ukwe hayakumwingia kichwani hata chembe. Kwetu sisi wa mjini Gisenyi, mtu na baba mkwe wake hawataniani, hawali pamoja, na neno zito halipiti kati yao moja kwa moja, hupitia kwa mke au kwa shangazi. Sasa fikiria kushinda kutwa na mtu huyo, ubao mmoja kati yenu, kwa miaka mitatu. Kupiga mluzi siwezi. Kuvuta sigara siwezi. Viazi vyangu nilikwenda kuvila nyuma ya rundo la mbao kama mwizi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne na nilikuwa nimechoka kuwa na adabu.

Ndipo bwana akaleta jenereta, akasema sasa tutakata kwa msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ule wenye gurudumu la meno. Tukaenda Goma, ng'ambo ya mpaka, kuutafuta. Mimi nilikaa mbele ya kamioneti, lori dogo la bwana, kwa sababu nilijua kusoma Kifaransa. Mzee, baba mkwe wangu, alipanda nyuma, awe wa kubeba.

Njiani bwana akaniambia, "We ndiyo utachagua. Lakini sikia. Kama mashini inaweza kazi na mutu moya, mi nabaki na mutu moya. Muzee ataenda kwake. Bon?"

"Ndiyo, bwana," nikasema, na kutoka hapo hadi mpakani sikuona barabara.

Dukani kulikuwa na misumeno miwili. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, na uliuzwa pamoja na reli ya chuma yenye vibano. Unaibana reli juu ya ubao, msumeno unateleza ukingoni mwake, na mkono wa mtu mmoja unatosha. Niliijaribu ile reli kama nilivyofundishwa. Nikapiga mstari wa penseli pembeni yake, nikaigeuza, nikapiga mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Mistari ikalala pamoja, hata unywele usingepita katikati. Kitako cha msumeno kilikaa kwenye reli bila kuchezacheza, na meno yalishuka kuzidi unene wa mbao zetu. Kilikuwa kitu safi, na nilikitamani.

Wa pili ulikuwa mzito kama mtungi uliojaa maji, tena hauna reli. Ungehitaji ubao ulionyooshwa kwa randa uwe wa kuuongoza, na mtu wa kuukandamiza ubao huo muda wote.

Niligeuka nikamwona mzee mlangoni, kofia mkononi, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anaomba dua. Nikajisemea, anaomba asikose kazi, na riziki yake iko mkononi mwangu. Kumwuliza ningemwulizaje? Mke wangu alikuwa nyumbani, ng'ambo ya mpaka.

"Tuchukue ule muzito," nikamwambia bwana. "Ile ingine ni ya kazi ndogondogo. Lakini huu, bila muzee kushika ubao, utanikata mukono."

Ulikuwa uongo, na nilijiona mtu mwema sana kwa kuusema.

Tukaendelea hivyo mwaka mzima. Bega langu la kulia lilianza kuniuma kwa uzito wa msumeno hata nikiinua kikombe, na vumbi la mbao lilitujaza kope sote wawili. Kila nilipoinua macho, yeye yuko pale pale. Nilivumilia kwa sababu niliamini namlisha.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwa wazazi wake, akakaa kitako, akanitazama.

"Baba ameniuliza kama we uko na roho mubaya."

"Nimemfanya nini?"

"Anataka kwenda kulima shamba yake ya Kanama. Akiacha kazi mwenyewe, watu watasema amekuacha na mashini ya muzungu. Lakini bwana akimufukuza, haiko haya. Kule dukani alikuwa anaomba Mungu uchague ile nyepesi." Akashusha sauti. "Na usimuambie kama nimekuambia."

Asubuhi nikamfuata bwana, nikamsihi tununue ule mwepesi na reli yake, mzee apumzike.

Akacheka. "We ulisema bila muzee utakatwa mukono. Sasa unataka ukatwe? Tena mi nimeisha kumuahidi kazi mpaka ghala ya tatu. Amekubali."

Bila shaka alikubali. Angekataaje, watu wakasema amemwacha mkwe wake na mashini?

Nilirudi uwanjani nikijichukia. Mzee alikuwa ameshainama, mikono yote miwili imekandamiza ubao, ananingoja. Nilimwamkia kwa heshima, akaniitikia kwa heshima, nikawasha msumeno.