Mtobe Ambao Bibi Hakutaka Kuuonja

Nilipokuwa mtoto kule Mugoma, kitu kilichonichosha kuliko kulima, kuliko kuteka maji, kuliko hata hesabu za darasa la tatu, kilikuwa ni ukarimu wa bibi yangu. Watu wengine hukaribisha mgeni akija. Bibi aliwatafuta. Yuko shambani anapalilia maharage, mgongo umeinama, lakini mtu akipita kule chini barabarani na mzigo kichwani, ameshamwona na ameshamwita: "Mama, karibu upumzike! Utafika na nguvu gani?" Kisha ananigeukia mimi. "Koleza moto."

Moto nikoleze mimi. Maji nikateke mimi. Kitanda, ambacho kilikuwa changu mpaka mgeni atakapofika, nikihame mimi, nikalale kwenye mkeka na Shangazi Yusta. Baba yangu alikuwa na kazi Biharamulo na aliniacha kwa Bibi nisome, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: Bibi, Shangazi ambaye alikuwa kitindamimba wake, na mimi. Babu alishafariki. Watu watatu, lakini tulipika kama nyumba ya watu kumi. Chungu cha maharage hakikutoka motoni. Vikombe vya wageni vilifunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na ole wangu nikikutwa nikinywea kimoja.

Bibi alikuwa mlokole, wa wale wa zamani waliookoka wakasimama mbele ya kanisa zima na kutaja dhambi zao kwa majina. Hakunywa pombe, na ndizi zake alizikamulia mtobe tu, ile juisi tamu kabla haijachachuka. Nikisema mtamu, niaminini. Watu walikiri kwamba hakuna aliyekamua mtobe kama Bibi. Tatizo ni kwamba majirani zetu walikiri hivyo kwa kukumbuka zamani. Miaka mingi hawakuwa wameugusa.

Kwetu Ngara kuna jambo ambalo mtoto hulijua kabla ya kujua kusoma. Mwenye nyumba huonja kwanza. Anakumiminia kinywaji, anakunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kikombe. Ni kukuambia kwamba humu hamna sumu. Nyumba isiyoonja inatia shaka, na hata leo nawajua watu wenye digrii ambao hawagusi soda iliyofunguliwa nyuma ya mlango.

Bibi yangu hakuonja.

"Siku nilipookoka niliacha pombe, niliacha hirizi, na niliacha kuonja," alikuwa akisema. "Nikionja, namwambia mgeni kwamba angeweza kufa mikononi mwangu. Mimi namwombea kwa Mungu, nampa chakula, basi."

Sasa sikilizeni majirani walivyolipokea hilo. Kwa imani ya kwetu, mtu anayefuga sumu analazimika kuilisha. Asipoipatia mgeni inamgeukia mwenyewe, inamaliza watoto wake. Na Bibi alizika watoto wawili, waliozaliwa kati ya baba yangu na Shangazi, wote kwa homa. Basi hebu ufikiri kama jirani: mjane, kazika watoto, haonji, halafu kutwa anaita wapita njia waje wale kwake! Jamani, ukarimu wake wenyewe ndio uliokuwa ushahidi. Kadiri alivyowakaribisha watu ndivyo walivyozidi kunong'ona, na kadiri walivyonong'ona ndivyo alivyozidi kuwakaribisha. Wapita njia wa mbali, wenye kiu, walikunywa tu. Lakini zamu ya sala ya nyumba kwa nyumba ikifika kwetu, majirani walikuja, waliimba, waliomba, na chakula kilipoletwa wote walikuwa wamefunga. Wote! Wiki nzima wanakula vizuri kwao, wakivuka mlango wetu wamefunga.

"Si uonje tu, Bibi?" nilimwuliza siku moja nikiwa naosha vyombo ambavyo hakuna aliyevilia. "Funda moja tu."

"Sali, mjukuu wangu," alinijibu. Ndivyo alivyokuwa. Unamwambia nyumba inaungua, anakwambia sali.

Halafu Shangazi Yusta akapata mchumba, mwalimu wa huko Biharamulo. Ndugu zake walisema watakuja kuiona nyumba na kufahamiana, kabla wanaume hawajakaa kuzungumza mahari. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Wachumba wawili wa pale kijijini walishaanza kuja kisha wakapotea, na kila mtu alijua kwa nini. Huyu alitoka mbali na hakuwa amesikia lolote. Siku ya kuamkia ugeni Shangazi alipiga magoti jikoni.

"Mama, nakuomba. Kesho onja. Siku moja tu, kwa ajili yangu."

"Nitaomba sana, mwanangu."

"Omba! Nani amekukataza kuomba? Omba, halafu uonje!"

Bibi alimshika kichwa, akamwombea palepale, kwa sauti, kwa muda mrefu. Shangazi alilia maombi yalipoanza na alikuwa bado analia yalipokwisha. Nilitamani kumtikisa yule bibi. Na kusema kweli bado natamani, ingawa ni marehemu.

Wageni walifika adhuhuri, wanne, vumbi la njia nzima kutoka Nyakanazi mpaka Ngara likiwa kwenye nguo zao. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa mchumba, mzee mrefu mwenye koti, mpole wa kusema. Niliwaamkia shikamoo kwa zamu, nikawanawisha mikono. Mezani kulikuwa na ndizi, maharage, na jogoo ambaye nilimkimbiza mwenyewe asubuhi hadi nikachubuka goti. Mtobe ulikuwa kwenye jagi. Bibi aliomba. Akawaombea wageni, safari, dereva wa basi, barabara. Akasema amina, akamimina glasi nne zikajaa, akamwekea kila mtu mbele yake.

"Karibuni, wapendwa. Kunyweni, kuleni."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Walingoja. Mzee aliitazama glasi, akamtazama Bibi, akatabasamu ili kumsaidia, kama unavyomsaidia mtu aliyesahau. Bibi naye akatabasamu. Nzi akatua kwenye glasi. Mama mmoja mgeni akalamba midomo, maskini, tangu alfajiri yuko njiani.

"Mama," mzee akasema taratibu, "na sisi tunasali. Ila tukishasali, mwenye nyumba hutufungulia njia."

"Njia Mungu ameshaifungua, baba. Karibuni."

Yaani! Nilisimama pale na birika la kunawisha na nikahisi damu inapanda kichwani. Nyuma ya pazia la chumbani nilimsikia Shangazi akivuta pumzi. Mzee akasema, kwa heshima zote, kwamba wanashukuru, njiani walikula, wameshiba. Akashika fimbo yake. Wenzake wakaanza kuinuka.

Sikufikiri. Niliweka birika chini, nikaichukua glasi ya mzee iliyokuwa mbele yake, nikainywa yote mpaka chini. Halafu nikatia mkono kwenye sahani ya nyama nikachukua firigisi, firigisi ya mkwe, nikaila mbele yake. Hata leo nikisimulia watu hushika vichwa.

Hakuna aliyenichapa. Ingekuwa afadhali. Mzee aliketi tena, akaniambia, "Kaa hapa, mama," akanielekeza kwenye kigoda mbele yao. Nikakaa. Wakanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa wanachongoja: kuona kama nitaanguka.

Na hapo tumbo likaanza kuuma.

Hili sijawahi kumwambia Shangazi. Nilikunywa kwa hasira, bila hofu. Lakini nikiwa kwenye kile kigoda, macho manane yakinitazama, maneno yote ya majirani yalinijia: watoto wawili waliozikwa, wapita njia wanaoitwa kutoka barabarani. Nikawaza, je, kama ni kweli? Nilimgeukia Bibi, mwanamke aliyenilea, aliyenipaka mafuta kila asubuhi, nikamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeua watu. Naye alikuwa ananitazama usoni. Aliona.

Muda ulipita, sijui kiasi gani. Tumbo likatulia, kwa sababu halikuwa na kitu ila woga. Mzee akacheka, akanipiga begani, akasema nyumba hii ina watoto mashujaa, akasogeza glasi imiminwe tena. Walikula wakamaliza jogoo mzima. Waliomba mtobe wa kubeba. Shangazi alitoka chumbani macho mekundu na meno yote nje, na kabla ya mavuno yaliyofuata alikuwa ameolewa.

Nilingoja adhabu. Mpaka wageni wameondoka, mpaka vyombo vimeoshwa, nikingoja. Bibi alinikuta uani nikipanga vyombo, akakaa juu ya kinu.

"Ulipokuwa umekaa pale," aliniuliza, "uliniogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Mtoto wa miaka tisa anajua kudanganya vizuri tu. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kutaja dhambi kwa jina.

"Kidogo," nikasema.

Akainuka akaenda kufunga mbuzi.

Kesho yake alipita mama mmoja na mzigo wa mihogo. Bibi alimwita kama kawaida, nikakoleza moto kama kawaida. Akatoa kikombe kutoka chini ya kitambaa cheupe, akamimina mtobe, akaomba. Halafu akanitazama mimi, si mgeni, akanywa funda moja, akameza, ndipo akampa yule mama kikombe.

Alifanya hivyo kwa kila mgeni mpaka alipofariki. Majirani waliacha kufunga. Walikula kwetu, wakasifu, wakasema bibi kizee hatimaye amepata akili, na zamu za sala zilipofika kwetu sufuria zilirudi tupu. Shangazi ana wajukuu sasa, na kila nikienda Biharamulo anawasimulia jinsi nilivyomwokoa, wananipigia makofi. Mimi nakaa pale nimenuna. Bibi hakuonja kwa ajili ya kanisa, wala ya wakwe, wala ya binti yake aliyepiga magoti. Miaka yote ile alionja kwa ajili yangu, kwa sababu siku ile nilimwogopa, na hakuna hata mara moja nilipopata ujasiri wa kumwambia aache.