Mkaa Niliowawekea Kima

Nilisikia kabla sijaona chochote: meno yanatafuna mkaa. Krap, krap, krap, kando ya daraja la mbao linalokatisha kinamasi. Mpaka leo mtu akivunja biskuti karibu yangu nnageuka kutazama. Nimekosa mimi. Si kima, si wageni, si Bi Mkasi. Mimi!

Nisikilize basi, maana nikiendelea kunyamaza nitaumwa.

Natoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Ni mwaka wa pili nnatembeza wageni kwenye msitu wa hifadhi upande wa Chwaka, ule ambao mvua ikinyesha ardhi inageuka uji na miti inasimama majini. Wageni wanatoka hoteli za Mji Mkongwe asubuhi, wanakuja kumwona kima punju, ambaye hapatikani popote ila kisiwani kwetu.

Kazi alinifundisha Bi Mkasi, mwanamke wa kijiji cha jirani na msitu, aliyeanza kutembeza wageni kabla mimi sijajua kusoma. Alikuwa na sharti moja: kima haitwi. Unasimama na wageni darajani, kimya, mnasikiliza. Wakija, wamekuja. Wasipokuja, unasema leo hawakutoka, unawaonesha kaa na mizizi ya mikoko.

Mgeni mmoja aliwahi kumlalamikia kwamba ametoka mbali na hajaona hata mkia. Bi Mkasi akamjibu kwa upole, "Hawa si waajiriwa wangu, bwana. Zamu zao sizijui." Tulicheka mpaka getini.

Lakini mimi subira sina. Nikisimama dakika kumi miguu inaniwasha. Ikapita wiki nzima wageni wangu hawakuona kitu, na mmoja akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba msichana amewaonesha matope na mbu. Nilikuwa nnakifungua kile kitabu kila nikipita, nnausoma ule mstari, nnakifunga, nnakifungua tena.

Kima punju hula majani ya miembe na mikungu, yakamchafua tumbo, basi hutafuta mkaa kama sisi tunavyotafuta dawa. Kule kijijini hilo si siri. Asubuhi moja nikachukua vipande vitatu jikoni kwa shangazi yangu, nikavifunga gazeti, nikavitia mkobani. Nikaviweka juu ya kisiki kando ya daraja kabla wageni hawajafika.

Tukasimama. Krap, krap. Kisha tukamwona: jike mwenye sikio lililochanika, kichanga chake kimemng'ang'ania tumboni, anatafuna huku anatutazama kama tuliomkuta kwake. Wageni walilia kwa furaha, na mimi nililia nao. Nilidhani nimefanya jambo zuri!

Nikaendelea. Kila zamu yangu, mkaa. Wenzangu wakaanza kuniita Bi Harusi wa kima. Nami nikaringa. Bi Mkasi peke yake hakunitania.

Halafu nikaugua homa, nikalala siku nne. Kisiki kikakaa kitupu. Yule jike alikuwa kashazoea mkaa wa mikono ya watu, hakuogopa tena, basi akaufuata kijijini. Akaingia jiko la jirani yake Bi Mkasi, akatia mkono kwenye mkaa. Ule ulikuwa na moto.

Kima punju hana kidole gumba. Hushika tawi kwa vidole vinne tu, na kiganja kikiungua hana cha kushikia. Nilirudi kazini siku walipomkuta amekufa chini ya daraja, kwenye tope. Kichanga kilikuwa hai bado, kimemshika vile vile. Hakikufika jioni.

Mkuu wa hifadhi akatuita sote ofisini. Vumbi la mkaa lilikuwa limeonekana kwenye kisiki. Akauliza nani amewazoesha kima mkaa. Kila mtu akakumbuka kuwa Bi Mkasi huuza mkaa mlangoni kwake, na macho yakaanza kumwendea. Yeye alinitazama mimi. Nikaangalia sakafu. Mdomo ulikuwa wangu, si ndiyo? Haukufunguka.

Aliambiwa apumzike nyumbani mpaka watakapomwita. Akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani taratibu, akatoka. Hajaitwa mpaka leo.

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nnaanza kula naacha, nnafika kituoni naghairi safari. Jana asubuhi nikaenda kwake. Nikapiga hodi, akanikaribisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alikuwa anachekecha mkaa, anatenga chenga. Nikamwambia yote, tangu lile gazeti la kwanza.

Hakuacha kuchekecha. "Nlikuwa nnajua," akasema. "Kila zamu yako kucha zako nyeusi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema ofisini.

"Nlikuwa nnakusubiri wewe."

Nikaanza kulia, nikamwomba anisamehe. Akaweka chekeche chini. "Umekuja kuniambia mimi niliyekuwa nnajua, mwanangu. Kawaambie wasiojua."

Kesho saa mbili mkuu anafungua ofisi, na nitakuwa mlangoni. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Najua kazi imekwenda. Miguu inaniwasha kama zamani, ila safari hii inajua inakotaka kwenda.

Na wewe unayetembeza watu porini au baharini, uwe Kizimkazi unawafukuzia wageni pomboo, uwe wapi: mnyama akikunyima, mwache akunyime. Mgeni atanung'unika, ataandika anachoandika, atapanda ndege. Usimlipe mnyama ili akufurahishie wageni. Na mwenzako akitazamwa kwa kosa lako, sema hapo hapo, kabla hajafika mlangoni!

Jana, nilipoaga, Bi Mkasi alinisindikiza mpaka kizingitini. Nikakanyaga nje, na nyuma yangu nikasikia komeo linaingia mahali pake.