Hitima ya Haji wa Arizona

Kijiweni kwetu Timbwani, Likoni, penye kahawa na kashata, mimi wananiita Bwana Wajua. Si kwa heshima. Ni kwa sababu siwezi kuona watu wamekaa kimya wakinywa kahawa yao nisiwaulize, "Je, mwajua?" Nina ugonjwa wa kukusanya mambo yasiyomsaidia mtu yeyote: samaki gani hulala macho wazi, mji gani duniani haunyeshewi mvua, mfalme gani aliogopa paka. Mke wangu anasema kichwa changu ni droo ya jikoni iliyojaa vifuniko visivyo na chupa. Mimi humjibu kwamba iko siku kifuniko kimoja kitapata chupa yake. Siku hiyo ilikuja kweli, na ilinitoa jasho.

Dada yetu wa mwisho ni muuguzi. Alipata kazi katika hospitali moja huko Arizona, jimbo la magharibi ya Amerika, kwenye jangwa na miti ya miiba. Viza ilitoka, tiketi ikapatikana, masanduku yakanunuliwa. Kilichobaki ni radhi ya Mama. Kwetu mtu hahamii hata Mtongwe hapo jirani bila radhi ya Mama, sembuse ng'ambo, na dada alisema wazi kwamba asipoipata hapandi ndege. Mama naye hakukataa. Angekataa tungebishana, maana kubishana tunakuweza. Alisema tu, huku anasuka ukili wake wa mkeka:

"Nti isokuwa na kaburi hata moja la Mwislamu, mwanangu, wenda kumzuru nani?"

Mama yangu huzijua nchi kwa makaburi yake. Akienda mji mgeni, kabla hajaonyeshwa soko, huuliza wamelazwa wapi watu. Akishaona kaburi la mtu anayeweza kumsomea Fatiha, basi pale ni mahali, pana wenyewe. Pasipokuwa na kaburi kwake ni pori tu, hata pakiwa na taa na maghorofa.

Dada akanijia macho mekundu. "Kaka, miaka yote umetuchosha na mambo yako. Leo nifae."

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Hakuna aliyewahi kuniomba nijue kitu. Nikakaa na simu yangu, nikasoma historia ya Arizona mpaka chai ikapoa. Jioni nikaenda kwa Mama kifua mbele.

"Mama, wajua kwamba Arizona kuna mji ambao punda huzunguka barabarani wapendavyo? Wachimba dhahabu wa zamani waliwaacha walipohama. Vizazi vya punda hao viko mpaka leo, vinaingiza vichwa kwenye madirisha ya magari kuomba chakula."

Nilidhani atapenda, maana amekulia na punda. Akanitazama.

"Watu wawata punda wao wakenda zao?"

"Ndiyo, Mama."

"Na binadamu je, huwafanyaje?"

Nikaona punda si njia. Kesho yake nikaleta daraja. Nikamweleza kwamba kuna mtu alilinunua daraja zima kule London, jiwe kwa jiwe, likavushwa bahari, likajengwa upya Arizona. Tena walilijenga pakavu kwanza, kisha ndipo wakachimba mfereji ili maji yapite chini yake. Hapo Mama aliacha kusuka. Kwa mtu wa Likoni, ambaye maisha yake yote amesimama kivukoni akiingoja feri, hilo si jambo dogo.

"Yaani wao walikuwa na daraja na hawana maji," akasema pole pole, "na sisi tuna maji na hatuna daraja."

"Hasa!"

"Sasa hilo lanifaa nini mimi?"

Dada aliyekuwa mlangoni akashika kichwa. Kijiweni habari zilikuwa zimeshafika, na wazee wakawa wananiuliza kwa kebehi kama leo nimepeleka treni au nimepeleka mlima. Nikawaambia wasubiri. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuogopa, maana siku za kusafiri zilikaribia, na dada alikuwa amefungua sanduku moja akaanza kurudisha nguo kabatini.

Kisha nikampata mchunga ngamia. Nilimpata asubuhi nikiwa na mahamri mkononi, na sikuyamaliza.

"Mama," nikasema kabla hata sijavua viatu, "Arizona kuna kaburi la Haji."

Akainua uso. "Haji gani?"

Nikakaa chini nikamsimulia taratibu, ingawa ulimi ulikuwa unanikimbia. Zamani, kabla reli haijafika huko, jeshi la Amerika lilitaka kupenya jangwani, na farasi na nyumbu walikuwa wanashindwa na kiu. Wakaamua kujaribu ngamia. Wakaagiza ngamia kwa meli kutoka nchi za Waturuki na Waarabu, na kwa kuwa hapakuwa na Mmarekani aliyejua ngamia huambiwaje hata akapiga magoti, wakaleta na watu wa kuwachunga. Mmoja wao alikuwa Mwislamu aliyekwisha kwenda Makka. Baadaye jeshi likaachana na ngamia, wengine wakafunguliwa wakazurura jangwani wakiwatia watu hofu. Yeye alibaki huko huko mpaka akafa. Kaburi lake limejengewa mawe yakapanda juu kwa ncha, na juu kabisa pana sanamu ya ngamia.

"Sanamu? Juu ya kaburi?" Mama akashika mdomo. "Astaghfirullah! Hakuwa na mtu wa kuwakataza."

"Alikuwa peke yake, Mama."

"Jina lake nani?"

Hapo nikasitasita. Wamarekani hawakuliweza jina lake. Walichukua Uhaji wake na jina lake, wakaviunganisha, wakavitamka kama mtu anayekusalimia kwa furaha njiani, na ndivyo ilivyoandikwa kaburini mpaka leo. Nilipomwambia hivyo Mama alikasirika kweli. Kwetu mtu akishahiji, hata aliyekuwa akimtania tangu utotoni humwita Haji. Jina hilo silitaji hapa, limeharibiwa vya kutosha.

Nikaona uso wa Mama umekunjamana, nikaharakisha kutia sukari. Nikamsimulia kisa kinachosemwa juu ya mtu huyo, kwamba siku moja watu walifanya karamu bila ya kumwalika.

"Hawakumwalika?" Mama akauliza kwa sauti ya chini. Mama husahau alipoweka miwani lakini hasahau harusi ambayo hakualikwa.

"Hawakumwalika. Basi akafunga ngamia kwenye gari la kukokota, akawapitia katikati. Farasi wakakurupuka, meza zikapinduka, wageni wakatawanyika na vyakula vyao."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wallahi kawafanyia vyema! Ningekuwa na ngamia mimi, iko nyumba moja hapo Bofu..." Akafuta matozi kwa ncha ya leso. Mimi nikamkonyeza dada. Nilijua nimeshinda. Kumbe bado.

"Alisomewa hitima?" Mama akauliza.

"Na nani, Mama? Nimekwambia alikuwa peke yake."

"Basi Alhamisi twamsomea sisi."

Hakuna aliyethubutu kupinga. Alhamisi baada ya alasiri mkeka ulitandikwa, ubani ukafukizwa, sinia za mahamri zikapangwa, na buli la kahawa likaletwa. Timbwani nzima ilijua kwamba kuna hitima kwetu, ila haikujua ya nani. Mwanamke mmoja wa Bofu, mtu mzima, rafiki wa Mama, alinikumbatia huku analia.

"Poleni sana. Alikuwa nani wenu?"

"Haji mmoja, alikuwa Amerika."

"Aliugua sana?"

"Amekufa zamani, bibi. Babu yangu alikuwa hajazaliwa."

Akaacha kulia. Akafikiri. Kisha akalia tena kwa nguvu zaidi. "Na siku zote hizo mmenyamaa!"

Ndani, mwalimu aliyekuja kusoma akaniuliza jina la marehemu ili amwombee. Nikalitaja kama nilivyolisoma.

"Hiyo si salamu ya Kizungu?" akauliza mwalimu.

"Ndilo jina lake walivyolifanya."

"Na mamake aliitwa nani?"

"Sijui, mwalimu."

Watu wa kijiweni waliokaa nyuma wakageuka wote kunitazama, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Mwalimu akasema Mungu anamjua, akaanza kusoma. Msomo ulikuwa mzuri. Watu walijitahidi kana kwamba marehemu alikuwa wa mtaani, na mahamri yaliisha yote.

Walipoondoka tukabaki watatu. Dada alikuwa anakusanya vikombe, na mimi nilikuwa nimekaa kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. Nikamwambia Mama, "Sasa umeona. Arizona ina mwenyewe."

Mama alikuwa bado amejifunika kanga. Nilipomtazama vizuri nikaona analia, na si kilio cha adabu cha hitimani.

"Mwatuma mtoto kwenye nti kwa sababu kuna mtu alokufa huko," akasema. "Mimi nauliza kama alirudi kwao. Hakurudi?"

"Hakurudi, Mama."

"Mamake alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba kafa. Kuna mtu alomwambia? Au alikaa tu barazani, kila meli ikija yuwatoka kutazama?"

Nilitafuta katika kichwa changu chote, na hamkuwa na kitu. Aibu ilinishika. Nilikuwa nimejua ngamia walipandishwaje melini na karamu ilivurugwaje, lakini swali la mamake halikuwahi kunipitia akilini hata mara moja.

"Basi nyinyi mlimsomea Haji," Mama akasema. "Mimi nilikuwa namsomea yule mwanamke."

Kisha akamwita dada kwa jina lake la utotoni.

"Abee, Mama." Dada akapiga magoti mkekani na vikombe mkononi. Uso ulikuwa umemshuka, na mimi nilikuwa na hakika kwamba nimemharibia safari kwa mdomo wangu.

"Nenda," Mama akasema. "Radhi zangu unazo, zote. Usidhani nakuzuia. Ila likikufika lolote huko, la kheri au la shari, ukicheka, ukiumwa, ukila usichokipenda, nijue mimi kwanza. Nijue kutoka kinywani mwako." Akanyoosha kidole kwangu bila hata kugeuka. "Nisije nikaelezwa na huyu."