Siku ya Kubadilisha Mfumo wa Sava

Onyo la tatu lilinikuta kazini, katika maabara ya mjini Kisii nilikokuwa nikitunza kompyuta. Lilisema yaleyale: mfumo unaoendesha sava yetu, ile kompyuta kuu, umezeeka, hautapata tena kinga dhidi ya wadukuzi. Na majibu ya wagonjwa wote, wa hapa na wa tawi letu la Ogembo, yalikuwa ndani ya sava hiyo moja.

Nilimwendea mwenye maabara, mama mtu mzima, mpole kupita kiasi.

"Daktari, tuweke mfumo mpya."

"Programu yetu ya majibu itaukubali?"

Hapo akaniweza. Aliyeitengeneza programu alihamia ng'ambo, simu hashiki. "Sijui," nikasema. "Nipe siku moja nijaribu. Jumamosi tumefunga."

Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Siku ya Sabato, ndugu yangu?"

Jumapili wagonjwa ni wengi. Alhamisi ni soko Daraja Mbili, mji hufurika. Kila siku ilikuwa na kisingizio chake. Kwa hasira nikamwambia basi tuitoe sava kwenye intaneti, Ogembo wapokee majibu kwa simu. Akakubali upesi, jambo lililoniudhi zaidi.

Wiki mbili nilisoma majibu kwa sauti, laini ikikatika, nikirudia. Jumatano moja nilisoma kiwango cha damu cha mama mjamzito: kumi na tatu. Muuguzi wa Ogembo akasikia tatu. Mama wa watu akaambiwa ajiandae kuongezwa damu hospitali kubwa, akaanza kulia. Bahati nzuri muuguzi alishuku, akapiga tena, na safari hii simu ikapokelewa na Daktari mwenyewe.

Aliiweka chini polepole. "Kesho tunafunga."

"Kesho ni siku ya soko."

"Nimesema tunafunga."

Nilinakili kila kitu mara mbili, nikaweka mfumo mpya. Saa sita mchana programu ilifunguka, ila ikakataa kuchapisha. Siku sita tukaandika majibu kwa mkono, na kila aliyechoka kungoja alikuja kunigombeza mimi.

"Hatuwezi kurudi kwenye ule wa zamani?" Daktari akauliza siku ya nne.

Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya. Ningepewa ile siku moja niliyoomba, tatizo hili tungeligundua mapema bila kukata intaneti, na yule mama asingelizwa bure. Ila sauti iliyomliza ilikuwa yangu, na kwa hilo sikuwa na wa kumlaumu.