Nusu ya Punda wa Festy

Ukitaka kumjua Festy Mulkerrin anza na mashimo. Ni mtu wa halmashauri, kazi yake kuziba mashimo ya barabara kutoka kanisani mpaka gatini, mwaka wa thelathini na tisa huu, na yale sugu ameyapa majina. Lililo mbele ya geti letu analiita Askofu, kwa sababu ni pana na hakuna anayethubutu kulihamisha. Ana miaka sitini na moja, hajaoa, anaishi na paka ambaye naye si muongeaji. Maneno ya Festy ya wiki nzima unaweza kuyahesabu huku unapiga mswaki na ukabaki na muda.

Isipokuwa jioni moja kwa mwaka.

Huku kwetu Konemara hadithi hazisimuliwi kiangazi. Kiangazi kuna nyasi za kukata na watalii waliopotea. Lakini vuli ikiingia, kuni za udongo, yale matofali makavu tunayochimba bwawani na kuchoma, zikishapangwa ukutani na giza likianza kushuka saa kumi na moja jioni, Bina Folan anawasha moto wa kwanza jikoni kwake. Ni Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Tunakaa pale na chai na mkate wa zabibu, na kila mtu anatoa chake kwa mdomo, hadithi au shairi, hakuna kusoma. Kila mtu ana kipande chake, na hakuna anayekigusa mwenyewe akiwemo ndani ya nyumba. Akiwa hayupo, ruksa. Na ukimaliza cha kwako, wewe ndiye unamwita anayefuata, naye akiitwa hakatai.

Festy ana kimoja tu. Shairi la punda, dakika kumi na mbili, kaliacha baba yake. Mtu huyu anayekusalimia kwa nyusi anasimama pale na kumwaga beti kama bomba limepasuka, halafu anakaa chini, basi, mpaka mwakani.

Mwaka huu lilikuwa na uzito wake. Dada yake, Delia, alihamia Boston akiwa na miaka kumi na tisa. Huwa anakuja, lakini anakuja kiangazi, na kiangazi ndiyo hivyo nimeshakwambia. Shairi la baba yao alilisikia mara ya mwisho baba mwenyewe akiwa hai. Safari hii akapata likizo ya vuli, wiki mbili, na Jumamosi alikuwa anaondoka. Kijiji kizima kilijua Festy anafanya mazoezi. Mama aliwahi kumkuta ameegemea koleo juu ya Askofu, anaongea na lami.

Sasa niingie mimi, maana kila kitu kizuri lazima nikiingilie. Naitwa Muireann, nina miaka kumi na sita, na mwaka jana nilimrekodi Festy kwa simu niliyoiacha rafuni, maana kila mwaka punda akianza sisi watoto tunatumwa nyuma kuosha vikombe. Nikawa nasikiliza kwenye basi la shule, nikalishika lote, neno kwa neno. Sikuwa na mpango wowote wa kulitoa. Nilitaka tu kuwa mtu anayeweza. Kipande changu halali kilikuwa kashairi ka kuku, nakatoa tangu nina miaka saba, na watu walikuwa wameanza kukasikiliza kwa huruma.

Alhamisi ikafika. Jiko la Bina limejaa, na kiti cha Festy kitupu. Bina akasema Delia amepata mafua ya ghafla, pengine hawaji. Mwalimu Tarlach akamaliza hadithi yake ya sili wa baharini, akazungusha macho, akaniita mimi.

Nikasimama. Nikamwona kuku wangu kichwani, amechoka, ananiangalia. Nikatazama kile kiti kitupu. Hayupo, nikasema moyoni, ruksa. Nikafumba macho, maana niliona kwenye video za zamani mabingwa wote wanafumba, nikaanza.

Jamani, nilikuwa mzuri. Naomba hilo liandikwe popote. Mikono ilikuwa inaenda yenyewe. Punda akauzwa mnadani, akarudi nyumbani kabla ya aliyemuuza. Akauzwa tena, akarudi. Akauzwa mara ya tatu, mbali, akakatiza bwawani usiku, nami nikateremsha sauti kama mtangazaji wa msiba:

*Bwawa likafika goti, likapanda kifuani,*
*Masikio yakabaki, yote mawili hewani.*

Nikanyamaza. Nikainamisha kichwa. Hapo ndipo linapoishia, na mimi mwaka mzima nilikuwa naona ni mwisho wa kisasa kabisa, mchungu, wenye kina. Nilishawahi hata kumweleza rafiki yangu maana yake.

Kimya. Nikajua nimewaua kwa ufundi. Nikafumbua macho nipokee sifa.

Festy alikuwa mlangoni, na soksi zake, buti mkononi. Kwa Bina hakuna anayeingia jikoni na buti, na Festy anavyofungua kamba za buti ni kama anatoa mwiba. Kumbe muda wote yuko pale barazani anafungua kamba, anasikiliza. Nyuma yake Delia, pua nyekundu, amejifunga skafu mbili, ametoka kitandani na homa yake kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakitafuna.

Mama alikuwa anaangalia sakafu kama mtu anayetafuta shimo la kuniweka.

Festy akainama taratibu, akaanza kurudisha mguu wa kushoto kwenye buti.

"Muireann," Bina akasema, "mwanangu, wewe ndiye unaita. Ita basi."

Ningependa kusema niliwaza kwa busara. Sikuwaza. Ndani ya kichwa kulikuwa na upepo tu, na katika jiko lenye watu ishirini ninaowajua tangu nazaliwa sikukumbuka jina hata moja isipokuwa la yule niliyekuwa namtazama.

"Festy," nikasema. Sauti ikatoka ya kuku.

Watu wakabana pumzi. Nimemwita mtu asiye na kingine, na akiitwa hakatai. Festy akabaki na buti moja mguuni, moja mkononi. Akaniangalia.

"Nani kakwambia punda anaishia pale?"

"Simu."

"Simu."

"Ndipo iliposimama, Festy. Nilidhani umemaliza."

Ilisimama kwa sababu ilijaa. Hilo nilikuja kuligundua baadaye, ilijaa picha elfu mbili za sura yangu.

"Mwaka mzima umemwacha mnyama wa watu bwawani mpaka masikioni," Festy akasema, "halafu unainama upigiwe makofi."

Mwalimu Tarlach ndiye aliyeanza kucheka, kisha jiko zima likaanguka, na Delia alicheka mpaka akakohoa. Festy akavua lile buti tena, akayaweka yote mawili mlangoni yakiwa sawa sawa. "Ngoja nikamtoe," akasema.

Akaanzia pale pale nilipoacha. Hakufumba macho wala kurusha mikono, alimtazama dada yake tu. Baba anaamka anakuta zizi tupu. Anatafuta mlimani, anatafuta ufukweni, mpaka anaona masikio. Mambo yote haya mimi sikuyajua, na nilikaa chini kwenye ndoo ya kuni kwa sababu mtu alishachukua kiti changu.

*Baba akavua buti, kaingia matopeni,*

akasema Festy, kisha akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikaanza kutubu upya. Lakini alikuwa anasubiri. Delia akashusha skafu kutoka mdomoni, na kwa sauti ya mafua akamalizia:

*Kamwambia twende zetu, uji unapoa ndani.*

Bina akaenda kuongeza moto ambao haukuhitaji kuongezwa.

Jumamosi Delia akaondoka. Jumatatu nilimkuta Festy getini kwetu anamhudumia Askofu. Nikamwomba msamaha kwa hotuba ndefu niliyoiandaa, akasikiliza mpaka mwisho akipiga lami. Halafu akasema ile nusu ya kwanza inamtesa kifua siku hizi, naweza kuichukua, lakini nipunguze mwendo, nasema kama ninayefukuzwa na mbwa. Na hiyo mikono niiache nyumbani.

Sasa kijijini naitwa Nusu Punda, hata padri ananiita hivyo. Nami nimefuta picha mia nne ili mwakani simu isijae. Zimebaki elfu moja na mia sita, nyingine siwezi, nimetoka vizuri mno.